Wanafunzi wa udaktari wasifukuzwe wadini janga jingine likizuka

ALIYEKUWA Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alipotangaza kisa cha kwanza cha corona humu nchini mnamo Machi 13, 2020, Wakenya wengi waliwaza kuhusu shule za watoto, masoko na matatu. Ni wachache mno waliowakumbuka wanafunzi wa udaktari. Siku mbili baadaye, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, aliagiza taasisi zote za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Machi 20 kuwaachilia wanafunzi. Kwa agizo hilo moja, mwanafunzi wa historia na mwanafunzi wa upasuaji walifunganya virago pamoja.

Hata hivyo, hasara yao haikuwa sawa. Wa kwanza aliacha ukumbi wa mihadhara, na angeweza kuendelea na vitabu vyake nyumbani. Wa pili aliacha wagonjwa, na mgonjwa habebwi mkobani.

Shahada ya udaktari nchini Kenya huchukua miaka sita. Miaka ya mwanzo hutumika kusoma maumbile ya mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi na namna dawa zinavyotenda. Miaka inayofuata ni ya wadini. Humo ndimo mwanafunzi hujifunza kumhoji mgonjwa, kumpapasa tumbo, kusikiliza mapigo ya moyo na kumpokea mtoto anayezaliwa, huku daktari mzoefu akimtazama na kumrekebisha. Kwa sababu hiyo, Hospitali Kuu ya Kenyatta ni darasa la Chuo Kikuu cha Nairobi, nayo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ni darasa la Chuo Kikuu cha Moi. Ukimwondoa mwanafunzi hospitalini, umemwondoa darasani.

Badala ya wadi, alipewa skrini. Mihadhara ilihamishiwa mtandaoni, na hapo tofauti za mapato na makazi zikajitokeza wazi. Mwenye tarakilishi na intaneti ya nyumbani alisoma. Mwenye simu ndogo alihesabu bando, na aliyetoka kijiji kisicho na mawimbi ya kutegemewa alipanda mlima kutafuta mtandao. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom ilianza kusambaza intaneti kwa maputo yaliyorushwa juu angani, lakini kufikia Januari 2021 wamiliki wake walikuwa wametangaza kuufunga mradi huo. Aidha, kafyu iliyoanza Machi 27 na marufuku ya kuingia au kutoka Nairobi na Mombasa, iliyodumu hadi Julai, yalimzuia mwanafunzi kusafiri hata kumfuata mwenzake aliyekuwa na mtandao bora.

Si haki kudai kwamba masomo ya mtandaoni yalikuwa bure. Mhadhara uliorekodiwa unaweza kurudiwa mara tatu, na kwa wanafunzi wa miaka ya mwanzo njia hiyo iliokoa mengi. Lakini mkono unaotafuta ini lililovimba haujifunzi kwa kutazama mkono wa mtu mwingine. Mgonjwa wa video hasiti kujibu, hafichi aibu yake, wala haongei lugha ambayo mwanafunzi haielewi. Hayo yote ni sehemu ya udaktari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Waliotetea hatua ya kuwaondoa wanafunzi walikuwa na hoja nzito. Mnamo 2003, wakati wa mkurupuko wa SARS, wanafunzi wa udaktari zaidi ya kumi waliambukizwa katika Hospitali ya Prince of Wales, Hong Kong, baada ya kuwapima wagonjwa katika wadi alimolazwa mwenye virusi hivyo. Machi 17, 2020, muungano wa vyuo vya udaktari nchini Marekani nao ulipendekeza wanafunzi wasitishiwe kazi za kuwagusa wagonjwa. Barakoa na mavazi ya kujikinga yalikuwa adimu kote duniani, na kila barakoa aliyovaa mwanafunzi ilikuwa imepunguzwa kwenye fungu la muuguzi.

Hata hivyo, historia ina upande wa pili. Mnamo 1952, maradhi ya polio yalipoukumba mji wa Copenhagen, Denmark, wagonjwa 27 kati ya 31 wa kwanza walioshindwa kupumua walifariki. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wapitishiwe mpira kooni na kupuliziwa hewa kwa mkono. Mashine za kufanya kazi hiyo hazikuwepo, hivyo wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana wakibonyeza mifuko ya hewa. Idadi ya vifo ilishuka pakubwa, na kutokana na juhudi hizo wadi za wagonjwa mahututi zilianza kuenea duniani.

Katika janga la corona lenyewe, Italia iliondoa mtihani wa kitaifa wa usajili mnamo Machi 2020 ili wahitimu wapatao 10,000 waanze kazi mara moja. Uingereza nayo iliwasajili mapema wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mataifa hayo yalimwona mwanafunzi kama mfanyakazi wa afya ambaye hajakomaa, si mgeni wa kusindikizwa hadi langoni.

Kwa nini Kenya haikuweza kufanya hivyo? Jibu linapatikana katika hali ya wale waliobaki kazini. Dkt Doreen Lugaliki aliaga dunia Julai 10, 2020, akiwa daktari wa kwanza kujulikana kufariki kwa Covid-19 humu nchini. Desemba mwaka huo alifuatwa na Dkt Stephen Mogusu, mwenye umri wa miaka 28, aliyewahudumia wagonjwa wa corona katika Kaunti ya Machakos huku akidai mishahara ya miezi kadhaa na bila bima ya afya. Nchi iliyoshindwa kumkinga daktari aliyeajiriwa haingethubutu kumkinga mwanafunzi asiye na mkataba. Ilikuwa rahisi zaidi kumwambia aende nyumbani.

Na aliporejea, hakuyakuta mambo kama alivyoyaacha. Vyuo vilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, wauguzi wa kaunti walikuwa bado katika mgomo ulioanza Desemba 7. Hospitali nyingi za umma zilikuwa zimepungukiwa na wagonjwa, na pasipo mgonjwa hapana somo.

Deni hilo halikuishia chuoni. Aliyekuwa mwaka wa tatu mnamo 2020 alifikia hatua ya udaktari mwanagenzi wakati ambapo malipo na nafasi za wanagenzi vilikuwa chanzo cha mgogoro. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Serikali ilitaka kuwalipa wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi badala ya takriban Sh206,000 zilizokubaliwa mnamo 2017, na ni mwishoni mwa Desemba 2024 tu ilipokubali kuheshimu mkataba huo. Mwaka wa uanagenzi ndio uliopaswa kufidia saa za wadi zilizopotea, lakini kwa wengi ulianza kwa kuchelewa. Mzigo huo hauwi wa daktari peke yake. Mgonjwa naye huubeba, bila kujua.

Hatari yenyewe haijatoweka. Kisa cha kwanza cha mpox nchini kilitangazwa Julai 2024 katika Kaunti ya Taita Taveta. Septemba mwaka huo Rwanda ilikumbwa na virusi vya Marburg, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Januari 2025 virusi hivyo vilithibitishwa mkoani Kagera, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wetu.

Kwa hivyo, mpango wa kumlinda mwanafunzi hospitalini hauna budi kuandikwa wakati wa utulivu. Kwanza, hesabu ya mavazi ya kujikinga katika hospitali za mafunzo iwajumuishe wanafunzi. Pili, vyuo viwape bima na chanjo kabla ya kuingia wadini. Tatu, kazi zigawanywe mapema: wa miaka ya mwanzo wabaki na mihadhara ya mtandaoni na vyumba vyenye sanamu za kufanyia mazoezi, ilhali wa miaka ya mwisho wabaki na wagonjwa wasio na maambukizi, ambao hawakomi kuugua kwa sababu ya janga. Nne, muda ukipotea, ufidiwe kwa saa za wadi zinazohesabika, wala si kwa kuharakisha mtihani.

Hayo yote yana gharama, lakini gharama ya kuyapuuza hulipwa na mama aliye katika uchungu wa uzazi usiku wa manane, akimtegemea daktari kijana aliyejifunza kazi hiyo kwa kutazama skrini. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hakunjwi kwa mbali.