Kichwa cha Mtoto Kinapokua Kupita Kiasi

Kliniki tunapenda kuona uzito wa mtoto ukipanda, lakini ni wachache wanaomwomba muuguzi apime pia mzunguko wa kichwa. Kipimo hicho ni cha utepe tu, nacho kinaweza kuokoa macho na akili ya mtoto.

Ndani ya ubongo kuna maji ambayo kwa kawaida hutengenezwa na kuondoka kila siku. Njia yake ikiziba, hujaa na kukandamiza ubongo. Huu ndio ugonjwa wa kichwa kikubwa. Wakati mwingine huanza baada ya homa ya uti wa mgongo, au huandamana na mgongo wazi, ambapo mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni.

Dalili zake ni kichwa kukua haraka, utosi kuvimba hata mtoto akiwa ametulia na ameketishwa, mishipa ya kichwani kutokeza, kutapika, na macho kutazama chini kama jua linalotua. Ukiziona, usingoje kikao cha ukoo kiamue nani kamroga mtoto. Sala tusali, na hospitali twende siku hiyo hiyo.

Uanzie wapi? Sisi wa Msasani huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Mwananyamala. Wenzetu wa Temeke wana hospitali yao ya rufaa. Kutoka huko mtoto huandikiwa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Licha ya jina lake, haitibu mifupa tu, bali pia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Mtoto mwenye degedege, aliyelegea sana au aliyezaliwa na mgongo wazi apelekwe kwa dharura. Uvimbe wa mgongoni ufunikwe kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya dripu. Usipake dawa yoyote.

Huko utasikia habari za madaktari wawili. Mmoja ni bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mwingine ni bingwa wa radiolojia, ambaye husoma picha na kuandika majibu. Huna haja ya kumtafuta huyu wa pili mwenyewe, kwa kuwa daktari anayemtibu mwanao ndiye humwandikia. Mtoto ambaye utosi haujafunga mara nyingi huanza na ultrasaundi. Siti skani hutumia mionzi, ni ya haraka, na huonyesha vizuri damu na mfupa. MRI hutumia sumaku, huchukua muda mrefu, na huonyesha vizuri uti wa mgongo. Basi uliza: "Daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu?" Omba majibu ya maandishi, na utunze picha zote pamoja na kadi ya kliniki.

Matibabu yapo. Madaktari huweka mrija wa kupeleka maji tumboni, au hufungua njia mpya ndani ya ubongo, kama ilivyofanyika kwa watoto wengi katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda. Mwenye mrija akipata homa, akitapika au akilala kupita kawaida, arudishwe mara moja. Kama fedha hazitoshi, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kurudi nyumbani.

Na kinga? Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, kabla wengi hatujajijua. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aanze mapema vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, naye amwone daktari kwanza.

Mama mwenye mtoto wa namna hii hana hatia. Jirani, badala ya kumnong'ona, msindikize hospitali.