Muhuri Si Ladha ya Chai

Chai ya Kericho na Bomet ikiteremka Mombasa kwenda mnadani, mifuko yake huwa na alama ya kiwanda kilichoipakia. Alama hiyo yamwambia mnunuzi chai imetoka wapi. Haimwambii kuwa ni nzuri. Ndiyo sababu waonjaji huionja kwanza.

Natamani hekima hii ipande milimani hadi maofisini. Mwaka 2013 serikali za kaunti 47 zilipoanza, Kericho na Bomet zikiwamo, hesabu zao ziliwekwa katika IFMIS, mtambo wa fedha za umma uliojengwa kwa programu za Oracle. Fomu zake zilifunguliwa kwa apleti ya Java, yaani programu ndogo inayoletwa kutoka mbali na kufanya kazi ndani ya kompyuta ya karani. Mgeni wa namna hiyo lazima aulizwe atokako. Sahihi ya programu ndiyo jibu lake: yathibitisha nani aliyeitia sahihi, na kwamba haikuguswa njiani.

Jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu (s.a.w.) alifanya pete ya fedha yenye muhuri alipoambiwa kuwa wafalme hawapokei barua isiyo na muhuri.

Januari 2014 Oracle ilianza kuzuia apleti zisizo na sahihi inayotambulika, lakini ikaacha orodha ya kuzisamehe. Hapo pana lawama yangu. Onyo la Kiingereza cha mafundi likirudi kila asubuhi, na mkubwa akisema, "Bonyeza tu, kazi iendelee," halilindi kitu. Ni mlinzi apigaye kelele kwa kila mpita njia; mwizi ajapo, hakuna aamkaye.

Msomaji atasema apleti zimekwisha. Kweli, Oracle iliondoa njia ya kuziendesha katika kivinjari ilipotoa Java 11 mwaka 2018. Lakini tabia ya kubonyeza bila kusoma ingali hai, na sasa imehamia kwenye simu zetu.

Rai yangu ni hii: onyo liandikwe kwa Kiswahili, litaje mwenye programu, hatari yake, na mtu wa kuulizwa. Na karani anayesimama kuuliza asiitwe mvivu. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuchunguza habari kabla ya kuitenda. Anayeuliza ametii; anayemharakisha ndiye wa kuulizwa.