Opsyo ya mtoto wa miaka 14 isimfungie mlango wa tiba ya meno

Wandugu na wadada, vijana wenzetu wa Kiwanja, Rutshuru na Goma,

Kila mwaka masomo yakifungwa, swali moja linarudi: "Mimi nataka kuwa muganga wa meno. Nichukue opsyo gani? Na nikiongeza somo lingine pembeni, litanisaidia?"

Ni swali la maana. Mtoto akimaliza kalasi ya nane, akiwa na miaka kama 14, anachagua opsyo ya humanités: Biochimie, Pédagogie, Commerciale ama nyingine. Miaka 4 baadaye opsyo ile inaandikwa kwenye Diplôme d'État yake, na inamfuata mpaka kwenye mlango wa chuo kikuu.

Wengi wetu tunasoma kwenye simu mashauri ya wanafunzi wa Marekani, halafu tunachanganyikiwa. Kule, mtu anasoma kwanza miaka 4 ya chuo, njo anaomba kuingia shule ya meno. Anakuwa na somo kuu, na akitaka anaongeza somo la pembeni, lile wanaita "minor". Linasaidia? Kidogo tu. Shule za meno za kule zinatazama kwanza alama za biolojia, kemia na fizikia, tena mtihani wa kuingia unaoitwa DAT, tena kama mtu amekaa karibu na muganga wa meno akaona kazi kwa macho yake. Somo la pembeni linaweza kukupa kitu cha kusema siku ya mahojiano. Lakini kama limekula muda wako mpaka kemia ikashuka, limekuharibia.

Kwetu ile miaka 4 ya katikati haiko. Mtu anatoka humanités, anaingia moja kwa moja kwenye kitivo. Kwa hiyo uamuzi ambao kijana wa Marekani anafanya akiwa na miaka 20, mtoto wa Kiwanja anaufanya akiwa na 14.

Na tusidanganyane: mara nyingi hata hachagui. Anachukua opsyo iliyoko kwenye shule ya karibu, ama ile ambayo mzazi anaweza kulipa. Aliyekimbia vita anachukua ile aliyoikuta kule alikokimbilia. Hapa Kiwanja tunajua maana ya kukimbia. Mwezi wa Novemba 2008 tulizika watu wetu. Oktoba 2022 vita ikafika tena mpaka nyumbani. Mtoto aliyeanza Biochimie akamalizia opsyo nyingine juu ya vita, je, huyo ameshindwa sayansi? Hapana. Ameshindwa nini basi?

Sasa tuangalie jirani. Kuna wenzetu wanavuka Bunagana kwenda kusoma Uganda. Kule, chuo kikuu kama Makerere kinapima masomo ya kidato cha mwisho kwa uzito unaojulikana: somo la lazima kwa fani linazidishwa mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2, somo la nyongeza mara 1, na mengine nusu. Kwa tiba ya meno, biolojia na kemia njo masomo ya lazima. Hapo mwanafunzi haitaji kubahatisha. Anaona kwa hesabu kwamba somo la pembeni lina uzito wake, lakini ni mdogo, na kwamba saa moja ya kemia inamlipa kuliko saa moja ya kitu kingine. Tanzania pia, anayetaka udaktari wa meno anajua mapema kwamba anahitaji fizikia, kemia na biolojia.

Uganda na Tanzania ziko na matatizo yao. Lakini masharti yanajulikana mbele. Kwetu, kijana anasikia habari kwa binamu, kwa jirani, kwa mtu aliyepita Kinshasa. Anapambana na EXETAT, anapata asilimia nzuri, halafu anafika kwenye kitivo njo anaambiwa: opsyo yako haifai. Miaka 4 imekwenda.

Tukumbuke jambo hili linagusa nani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu nusu ya watu wa dunia, watu bilioni 3.5, wako na magonjwa ya kinywa. Afrika njo iko na waganga wa meno wachache kuliko sehemu nyingine. Mama ambaye shavu limevimba anameza dawa za maumivu aliyonunua sokoni, anangoja jino lioze lote. Yule anayeweza kumtibu kesho, leo yuko kalasi ya nane, na hakuna mtu anamueleza.

Kwa hiyo tunasema:

Moja. Kila kitivo cha tiba na cha meno kitangaze masharti yake kwa maandishi: opsyo gani zinakubaliwa, asilimia ngapi, mtihani gani wa kuingia. Yafike kwenye shule za sekondari mbele mtoto hajachagua.

Mbili. Mwenye opsyo nyingine apewe mtihani wa haki wa biolojia na kemia, pamoja na mwaka wa maandalizi kama unahitajika. Akishinda, aingie.

Tatu. Shule inayoandika Biochimie kwenye ukuta iwe na chumba cha mazoezi na vifaa vyake. Kusoma kemia kwa ubao tu miaka 4 ni kumpa mtoto jina bila kitu ndani.

Na wewe kijana, usingoje mpaka haya yatimizwe. Kama mlango wa Biochimie uko wazi kwako, ingia. Kama umeshachukua opsyo nyingine, usitupe ndoto: uliza kitivo unachotaka moja kwa moja, omba jibu la maandishi, na tafuta vitabu vya biolojia na kemia kuanzia sasa. Somo la pembeni ni zuri kama linakujenga. Usilichukue juu ya kufikiri litafunika alama mbaya ya kemia.

Na kama uko na mdogo wako anayechagua opsyo mwaka huu, kaa naye leo jioni. Muulize anataka kuwa nani, mbele karatasi haijasainiwa.

Tuko pamoja.