Kiinua mgongo si cha kununulia matofali

Mtumishi wa umma wa Dar es Salaam anayekaribia miaka 60 hupewa ushauri uleule kazini, msibani na hata kwenye daladala: ukishika kiinua mgongo, jenga nyumba ya kupangisha, maana nyumba haina hasara. Mimi nasema inayo, na anayeumia zaidi ni huyohuyo mstaafu.

Tupige hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu kule Goba, kiwanja na ujenzi, tuseme imekula shilingi milioni 120. Ukiipangisha kwa laki sita kwa mwezi unapata milioni 7.2 kwa mwaka. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio, inabaki milioni 6.48. Hapo mpangaji hajahama, karo halijajaa, pampu haijaungua. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU naisamehe, ni ndogo.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na watu wakalalamika. Hata kwa riba hiyo iliyolalamikiwa, milioni 120 zinazaa takriban milioni 15 kwa mwaka, zinazolipwa kila baada ya miezi sita. Hakuna dalali, hakuna fundi. Na kuingia si lazima uwe tajiri: kima cha chini ni milioni moja.

Nitaambiwa riba ya hatifungani haikui, pango linakua. Kweli, na hii ndiyo hoja pekee yenye uzito upande wao. Lakini pango likipanda kwa asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, litaifikia riba hiyo baada ya miaka 17 hivi. Mzee atakuwa na miaka 77. Tena mpangaji gani wa Goba anakubali kuongezewa kila Januari?

Wengine watasema thamani ya nyumba inapanda. Kinachopanda ni kiwanja; bati linapata kutu na rangi inabanduka. Na kupanda huko hakuliki mpaka uuze. Mtoto akilazwa hospitali huwezi kuuza chumba kimoja.

Hayo yote ni kwa nyumba iliyokwisha. Nenda Bunju au Kigamboni uhesabu mapagale yaliyoishia kwenye lenta, nyasi zimeota sebuleni. Kila moja ni fedha ya mtu isiyozaa hata senti, na mwenyewe bado anasema "nimewekeza". Waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara walibomolewa mwaka 2017 bila fidia, na baadhi walikuwa wakiishi hapo miaka mingi.

Halafu kuna desturi ya kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye nyumba hujiona ameshinda. Fedha ile huishia kwenye ada za shule, na bomba likipasuka mwezi wa nne, mpangaji anazungushwa mpaka anahama.

Nyumba ya kuishi ni suala jingine, ijengwe, tena mapema, mshahara ukiwa bado unaingia. Kuhusu ya kupangisha, anayetaka kunipinga alete daftari la mapato na matengenezo ya miaka mitano. Bei ambayo dalali alimtajia jirani yake siitaki.