MIWANI YA KUAGIZA: KASORO NA UKAWIO



Katika miezi hii tumepokea barua kadha wa kadha juu ya miwani, wala hatukudhani kwamba jambo hili lingefika ukurasa huu. Lakini karani hana jembe wala jahazi. Chombo chake ni macho yake, na kwa hiyo twaona yafaa tuseme.

Miwani ya kusomea tu, yenye nguvu sawa kwa macho yote mawili, hupatikana siku ile ile, maana huwa tayari dukani. Si hivyo ile ya kuagiza. Mtu mwenye silinda kubwa, au ahitajiye prizimu, au aliyepita miaka arobaini akataka lenzi ambazo nguvu zake huzidi polepole toka juu hata chini pasipo mstari (lenzi za namna hii zilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959), lenzi zake hazimo kabatini. Mara nyingi upande mmoja huwa umekwisha tengenezwa kiwandani, na upande wa pili husagwa kwa cheti cha mtu yule mmoja. Kisha lenzi hung'arishwa, hupakwa dawa, na kukatwa kwa umbo la fremu. Ikiharibika katika hatua mojawapo, kazi huanza upya. Ukawio huu una sababu, na kumtukana kijana wa dukani hakuufupishi hata siku moja. Lakini uko ukawio mwingine wa uzembe, oda inapolala mezani juma zima kabla ya kupelekwa. Kwa hiyo usiulize tu siku ya kuja. Uliza ilipelekwa lini.

Ndugu mmoja aliyeko mbali na mji mkubwa, mwandishi wa hesabu, alingoja majuma saba. Miwani ilipofika, sakafu ilionekana imelala upande, na kichwa kilimwuma kila alasiri. Dukani aliambiwa, "Utazoea." Neno hilo wakati mwingine ni kweli, maana lenzi hizo zisizo na mstari huwataka wengi kuzizoea kwa siku kadha, pengine hata majuma mawili, ndiyo sababu ni neno la hatari. Yeye alivumilia miezi minne. Aliandika 3 mahali pa 8, akapata barua ya lawama, akajiona amekwisha kuzeeka. Lenzi zilipopimwa mahali pengine, silinda ya jicho la kulia ilikuwa imekaa digrii 10 pembeni ya mahali pake.

Jambo hili si dogo. Silinda huwekwa kwa digrii, kuanzia 1 hata 180. Ikizunguka digrii 10, kama theluthi moja ya nguvu yake hubaki kuwa kosa machoni. Ikizunguka 30, kosa linalobaki ni kubwa sawa na la asiyevaa silinda kabisa. Vivyo hivyo kitovu cha lenzi: lenzi ya dayopta 6 ikiondoka mahali pake kwa milimita 5, huleta prizimu ya 3 ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Basi yapasa umbali wa mboni na mboni upimwe vizuri, wala usikisiwe.

Mwenye shaka na amwombe fundi, kwa adabu, kwanza aitazame fremu kama haikupinda, kisha azipime lenzi kwa mashine mbele yake na kulinganisha na cheti. Ni kazi ya dakika chache, na fundi mwema hakasiriki. Baki na nakala ya cheti chako. Risiti iandikwe namna ya lenzi, vipimo vyake, tarehe, na itakuwaje zikija na kasoro. Usilipe fedha zote kabla ya kuvaa, kama wakikubali. Na mwenye miwani moja tu asiiache fremu yake dukani kungojea lenzi mpya. Tumewaona watu wakisoma faili kwa kulinusa.

Liko jambo jingine, gumu zaidi kulisema. Wengi wetu huficha udhaifu wa macho wakiogopa kwamba mkuu wa idara atawahesabu kuwa hawafai tena. Twaona ni afadhali kumwandikia mapema kwamba miwani imeagizwa, ikitajwa tarehe, na kuomba mwenzako ahakiki tarakimu zako kwa muda huo. Barua iliyotangulia kosa ni ushahidi. Ile inayolifuata huonekana kuwa udhuru.

Ndugu yetu yule alipewa lenzi mpya pasipo malipo, baada ya kwenda na vipimo vilivyoandikwa. Ile barua ya lawama ingali katika faili lake, nasi tumemwandikia mkuu wake kumwomba aiondoe. Jibu likija tutalichapa hapa.