Tuliuona Wembamba, Hatukuiona Njaa

Mara nyingi hapa huwa tunazungumzia homa, chanjo na lishe ya watoto. Safari hii tumeona vema tumzungumzie mwigizaji wa sinema, na huenda wengine mkauliza: wauguzi na waigizaji, wapi na wapi? Subirini kidogo, akina mama. Mtaona kwamba maisha ya mwanamke huyu yanaigusa mizani tunayopimia watoto kliniki, na yanagusa hata vyumba wanavyolala binti zetu.

Jina lake ni Audrey Hepburn. Wengi wetu tumeiona picha yake hata kama hatukuwahi kutazama filamu yake hata moja: shingo ndefu, macho makubwa, gauni jeusi, kiuno chembamba mno. Picha hiyo hubandikwa kwenye kuta za saluni na kuchapwa kwenye fulana na mikoba. Ni mwili wa mwigizaji huyu, pamoja na ya wengine wachache wa siku zake, uliowafanya wanawake wengi duniani waamini kwamba uzuri ni kuwa mwembamba. Swali letu la leo ni hili: wembamba ule ulitoka wapi?

Msichana wa Velp

Audrey alizaliwa Brussels, Ubelgiji, tarehe 4 Mei 1929. Mama yake alikuwa Mholanzi na baba yake raia wa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka sita baba aliondoka nyumbani, akamwacha mama na mtoto. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mama alimpeleka kwao Uholanzi, akitumaini kwamba nchi hiyo ingeachwa kando ya vita. Haikuachwa. Majeshi ya Ujerumani yaliivamia Mei 1940, na Audrey akawa hana budi kukulia chini ya utawala wao.

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuja kuikomboa nchi. Wajerumani wakajibu kwa kuzuia usafirishaji wa chakula. Kisha baridi ikawa kali hata mifereji ikaganda, na mashua zisiweze kupita. Majira yale Waholanzi wanayaita Baridi ya Njaa, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 walikufa. Watu walikula hata mizizi ya maua. Audrey alikuwa na umri wa miaka 15, akiishi na mama yake katika kijiji cha Velp karibu na mji wa Arnhem. Baadaye alisimulia kwamba alipatwa na upungufu wa damu, matatizo ya kupumua, na uvimbe wa mwili. Sisi tuliosomea uuguzi tukisikia mtoto mwenye njaa ameanza kuvimba, hatuhitaji kuambiwa zaidi. Msichana yule alikuwa njiani kufa.

Aprili 1945 Velp ilikombolewa. Shirika la misaada la wakati ule lililoitwa UNRRA likaleta chakula, mablanketi na dawa. Audrey alieleza kwamba alitia sukari nyingi mno katika uji wake wa shayiri, akaula, akaugua. Hapo tusimame kidogo, maana jambo hili huwapata wengi kwa kutojua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujazwi kwa pupa. Ukimlisha ghafla chakula kizito na kingi mtu aliyekonda kwa njaa, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana hospitalini mtoto mwenye utapiamlo mkali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mama mwenye huruma asiyejua hilo anaweza kumdhuru anayempenda.

Njaa Ilimfungia Mlango, Mwingine Ukafunguka

Ndoto ya Audrey haikuwa kuigiza. Alitaka kucheza baleti. Alijifunza Arnhem, kisha Amsterdam, na mwaka 1948 akaenda London kusoma kwa mwalimu maarufu, Marie Rambert. Huko akaambiwa ukweli mchungu: alikuwa mrefu mno, na mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na njaa ya vita kiasi kwamba asingeweza kuwa mchezaji wa kwanza wa baleti. Basi akageukia jukwaa la maigizo. Mwaka 1951 aliigiza katika mchezo wa Gigi huko New York, na mwaka 1953 ikatoka filamu ya Roman Holiday iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Hapo ndipo dunia ilipomwona, ikapenda ilichokiona. Majarida yakamsifu kwa umbo lake. Wanawake wakajifunga viuno na kuruka milo ili wafanane naye. Lakini wanawe wameeleza kwamba mama yao hakuwa mtu wa kujinyima chakula; alipenda sana tambi na alikula vizuri. Wembamba wake uliletwa na miaka ya njaa, iliyomkuta wakati ule ule ambao mwili wa msichana hukua na kujengeka. Kwa maneno mengine, ndugu zetu, kile kilichoitwa urembo kilikuwa kovu. Watu walilitamani kovu bila kuuliza kuhusu jeraha.

Muuguzi Aliyeigizwa na Muuguzi Aliyeuguza

Sisi wauguzi tunayo filamu yetu miongoni mwa filamu zake. Inaitwa The Nun's Story, na ilitoka mwaka 1959. Humo Audrey ni Sista Luke, mtawa wa Ubelgiji anayekwenda Kongo kuwa muuguzi. Sehemu yake ilipigwa picha Kongo yenyewe mwaka 1958, katika mji uliojulikana wakati huo kama Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mji ambao Kiswahili husikika sokoni na barabarani. Walifika pia Yakusu, kando ya Mto Kongo, ambako daktari mmishonari wa Kibaptisti, Stanley Browne, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa ukoma.

Hadithi ya Sista Luke ilitokana na maisha ya mtu wa kweli. Muuguzi huyo aliitwa Marie Louise Habets. Alikuwa mtawa, akafanya kazi Kongo katika miaka ya 1930, na mwaka 1944, vita ikiendelea, akaacha utawa. Vita ilipokwisha alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi nchini Ujerumani chini ya shirika lile lile la UNRRA. Huko ndiko alikokutana na Kathryn Hulme, Mmarekani aliyeandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 1956. Kabla ya kuigiza, Audrey alikutana na Habets, akajifunza kwake jinsi vazi la kitawa linavyovaliwa na jinsi muuguzi anavyoshika vifaa vyake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mapema mwaka 1959 Audrey alikuwa Mexico akitengeneza filamu nyingine. Akaanguka kutoka juu ya farasi, akavunjika mifupa ya uti wa mgongo, na alikuwa mjamzito. Aliyekuja kumuuguza alikuwa Marie Louise Habets. Yule aliyekuwa ameigizwa sasa alisimama kando ya kitanda cha mwigizaji wake, akifanya kazi yenyewe: kumgeuza, kumwosha, kumtia moyo. Audrey alipona mgongo, ila mimba ile ilitoka, na haikuwa ya kwanza kutoka. Akina mama mliopitia hayo mnajua kwamba jeraha hilo halionekani kwenye picha yoyote ya gazeti. Mwanawe Sean alizaliwa Julai 1960, na Luca mwaka 1970.

Wengi wanaikumbuka filamu hiyo, na wachache mno wanalikumbuka jina la Habets. Hatusemi hivyo kwa uchungu. Muuguzi hakuuzoea mwanga wa kamera. Lakini tunadhani Audrey mwenyewe aliona tofauti kati ya kuvaa vazi la muuguzi na kuifanya kazi ya muuguzi, kwa kuwa miaka yake ya mwisho aliitumia upande wa pili.

Alirudi Palipokuwa na Njaa

Mwaka 1988, akiwa na karibu miaka 60 na akiwa amekwisha kupunguza sana kuigiza, Audrey alianza kulitumikia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF. Safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia, katika mji wa Mekele, wakati wa ukame na vita. Akafuata Uturuki kuhimiza chanjo, nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, Sudan na Bangladesh mwaka 1989, na Vietnam mwaka 1990. Alipoulizwa sababu, alikuwa akiwarudisha watu kwenye mwaka 1945: alijua msaada wa kimataifa una maana gani kwa mtoto, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto huyo.

Septemba 1992 alikwenda Somalia, ambako njaa na vita vya mwaka ule viliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Huko hakukuwa na lolote la kuigiza. Alikuta watoto walionyamaza. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kukimbiliwa. Wiki chache baada ya kurudi alifanyiwa upasuaji, ikagundulika kwamba alikuwa na saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo na kusambaa. Alifariki nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, tarehe 20 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 63.

Hatumfanyi malaika. Ndoa zake mbili zilivunjika, na alivuta sigara sana, jambo ambalo hakuna muuguzi atakayelisifu. Lakini tukiulizwa ameacha nini, hatutaanza na gauni. Hata hilo gauni jeusi, moja kati ya yale yaliyoshonwa kwa ajili ya filamu yake ya mwaka 1961, liliuzwa mnadani London Desemba 2006 kwa zaidi ya pauni 460,000, na fedha hizo zikaenda kuwasaidia maskini wa India. Kitambaa nacho kikapata kazi yenye maana.

Tuwaambie Binti Zetu

Kwa nini tumewaletea habari hizi? Kwa sababu kliniki tunawaona wasichana waliojifunza kutoka kwenye picha. Wapo wanaoshinda kwa maji ya ndimu miezi miwili kabla ya harusi ili shela liwakae. Wapo wanaomeza vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani bila maelezo. Huja wakiwa na kizunguzungu, vitanga vya mikono vimepauka, hedhi imekatika. Ukiwauliza wanataka kufanana na nani, wanakuonyesha picha kwenye simu.

Waambieni hivi. Wataalamu wamewafuatilia kwa miaka mingi watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa ile Baridi ya Njaa ya Uholanzi. Waliona kwamba watoto ambao mama zao walikosa chakula mwishoni mwa mimba walizaliwa na uzito mdogo. Waliona pia kwamba wale walioguswa na njaa tumboni, hasa mwanzoni mwa mimba, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo ukubwani, na kwamba mwili wa aliyeipitia njaa hiyo tumboni hupata shida zaidi kuitawala sukari ya damu. Njaa ya miezi michache ilikaa ndani ya miili yao miaka 50 na zaidi. Binti anayejinyima leo ndiye mama wa kesho. Hajui mimba ya kwanza itamkuta lini.

Basi ale: ugali au wali wake, maharage, dagaa, yai, mchicha au matembele, tunda. Akishika mimba awahi kliniki, na vidonge vya kuongeza damu avimeze, asiviache kabatini. Na kama mtoto wa jirani amekonda, msiishie kumsikitikia. Mbonyezeni kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, mkihesabu taratibu hadi sekunde tatu. Shimo likibaki, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye utepe wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5.

Picha ya Audrey mkiikuta saluni, waonyesheni binti zenu na msiwafiche mengine. Waambieni mwanamke huyu alikonda kwa sababu alinyimwa chakula, akaishi kwa sababu mtu alimletea, na alipopata uwezo alikwenda kuwatafuta waliokuwa wananyimwa. Wakitaka kumwiga, waanzie hapo kwenye kutafuta.

Hadi toleo lijalo, tunawatakia afya njema na nyumba zenye chungu jikoni.