Afya kwa wote: Vermont iliahidi kabla ya kuhesabu

Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi huko Marekani hujifunza jambo moja haraka: hata katika inchi tajiri, ugonjwa unaweza kuachia familia deni. Waajiri wengi wana bima yao, na asiye na bima nzuri mara nyingi hujilipia mwenyewe. Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki ambako baadhi yao wanaishi, lilitaka kumaliza hali hiyo. Lilishindwa, na sababu zake zinahusu kila serikali inayoahidi matunzo kwa wote.

Tarehe 26 Mei 2011, gavana Peter Shumlin alitia sahihi sheria namba 48. Wazo lilieleweka: wakaaji wote, wapatao 626.000, wawe chini ya mfuko mmoja wa serikali, na mfuko huo ndio ulipe madaktari na hospitali. Kazi ingeanza mwaka 2017. Hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa limefika hapo.

Lakini sheria hiyo haikusema pesa zitatoka wapi. Mpango wa malipo ulipaswa kufika bungeni Januari 2013, haukufika. Uchaguzi wa Novemba 2014 ukapita, raia bado hawajaambiwa. Tarehe 17 Desemba 2014 ndipo hesabu ikatolewa: waajiri walipe kodi ya 11,5% juu ya mishahara, na familia zichangie mpaka 9,5% ya mapato yao. Siku hiyohiyo, Shumlin akatangaza kwamba mpango unasimama.

Ni kweli kwamba kodi hiyo ingechukua nafasi ya malipo ya bima, ambayo nayo ni mazito. Lakini pesa ya bima hukatwa polepole kwenye mshahara, na wengi hawaioni. Kodi huonekana na kila mtu. Anayewaficha watu bei mpaka siku ya mwisho asishangae wakikataa kununua.

Tena, Vermont haikushika funguo zote. Bima ya wazee, Medicare, inaongozwa na Washington. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inazuia majimbo kuingilia bima ambazo makampuni makubwa yanajilipia yenyewe. Kuna watu wanaolala Vermont na kufanya kazi New Hampshire ao New York: nani amkate mwajiri wao? Na uchumi ukianguka, wagonjwa hawapungui, kodi ndizo hupungua, na jimbo halichapishi pesa.

Je, ina maana jimbo haliwezi? Hapana. Huko Kanada, jimbo la Saskatchewan lilianza na bima ya hospitali mwaka 1947. Miaka 15 baadaye, tarehe 1 Julai 1962, likaongeza malipo ya madaktari. Madaktari waligoma siku 23, lakini mpango ulibaki. Mwaka 1966 serikali kuu ilipitisha sheria ya kuchangia gharama za majimbo, na inchi nzima ikafuata. Saskatchewan ilikwenda hatua kwa hatua, na jambo hilo lilikuwa limejadiliwa wazi katika uchaguzi wa 1960, kabla ya sheria.

Kongo nayo iko njiani. Matunzo ya bure kwa mama anayejifungua na mtoto mchanga yalizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Ni jambo jema, kwa sababu katika inchi hii mama anaweza kupona na bado akazuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa. Lakini neno «bure» lina mlipaji nyuma yake. Muuguzi anangojea mshahara, dawa zinanunuliwa, na hospitali inangojea bili yake ilipwe. Serikali ikichelewa kulipa, hospitali itarudi kumuomba mama pesa, safari hii bila risiti.

Kwa hiyo wabunge, wa Kinshasa na wa majimbo, wana ulizo moja la kuuliza kabla ya kupiga makofi: nani analipa, kiasi gani, na kila mwezi tarehe ngapi? Jibu libandikwe mlangoni pa kila kituo cha afya, karibu na neno «bure». Raia akijua hesabu, anaweza kuitetea. Vermont hakupewa nafasi hiyo.